Nyundo gani ya kupasulia vijiti vya kuwashia moto?

Baridi ya Juni ikishaingia Nairobi, maswali hapa dukani hubadilika. Msimu wa mvua watu walikuwa wakiuliza mabati na misumari ya paa. Sasa wanauliza shoka, kishoka na nyundo. Kuna mwenye meko ya sebuleni kule Karen, kuna mama anayepikia kuni uani Kawangware, kuna mwenye kibanda cha nyama choma ambaye moto wake lazima uwe umeshika kabla wateja hawajaanza kupiga simu. Wote shida yao ni moja. Kuni wanazo, lakini ni mapande manene, na pande nene haliwaki bila vijiti vyembamba vya unene wa kidole.

Ombi tunalolisikia zaidi ni hili: "Nipatie nyundo ya kugongea kishoka." Na karibu kila mara mkono wa mteja unaenda kwenye nyundo ya seremala, ile yenye makucha ya kung'olea misumari. Ni ya bei nafuu, na wengi wanaijua tangu utotoni. Sisi humwomba airudishe kwanza tuzungumze.

Nyundo ya seremala ina kichwa cha uzito wa nusu kilo hivi, na uso wake umefanywa mgumu ili usibonyee kwa misumari. Chuma kigumu kikigonga chuma kingine kigumu, uso unaweza kumeguka, na kile kibanzi kinachoruka kina kasi ya kutosha kupenya jicho. Msumari ni laini, ndiyo maana kazi ya seremala haina hatari hiyo. Kisogo cha kishoka si msumari. Tena kishoka chenyewe hakikuundwa kupigwa mgongoni. Chuma kinachozunguka tundu la mpini ni chembamba, kwa hiyo ukikigonga kila siku tundu linapanuka kidogo kidogo, mpini unalegea, na siku moja kichwa kinachomoka. Tumeletewa vishoka vingi vya namna hiyo, vimepinda kisogo, na tundu limekuwa la umbo la yai. Hapo hata mpini mpya hausaidii.

Halafu kuna suala la nguvu. Nguvu ya pigo inatokana na uzito pamoja na kasi. Nyundo ya nusu kilo lazima iende kwa kasi mara mbili ya nyundo ya kilo mbili ndipo ipige sawa nayo. Na ukiongeza kasi unapoteza shabaha. Kwenye kazi ambayo vidole viko karibu na makali, shabaha ndiyo kila kitu.

Nyundo inayofaa, si kwa kisogo cha kishoka bali kwa kugonga kuni yenyewe kama tutakavyoeleza, ni ile fupi na nzito ambayo waashi hutumia kugongea tindo: kichwa cha mraba, nyuso mbili pana, mpini wa urefu wa sentimita 25 hadi 30. Uzito wake uwe kati ya kilo 1.3 na kilo mbili. Nyingi zimeandikwa kwa ratili, kwa hiyo ukiona 3 au 4 ubavuni mwa kichwa, hizo ndizo. Ratili 4 ni kama kilo 1.8. Kwa mtu wa mkono mwepesi, au anayepasua vijiti vya siku moja tu, ratili 3 inatosha kabisa, na tunampa hiyo bila kumshawishi achukue kubwa.

Ukija dukani usiitazame tu. Ishike katikati ya mpini, iinue hadi usawa wa bega, kisha iache ishuke polepole. Kifundo cha mkono kikitetemeka au nyundo ikigeukia upande, hiyo imekuzidi. Nyundo nzito haitaki kupigwa kwa hasira: unaiinua, unaielekeza, uzito unamalizia.

Nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, ya kilo nne au tano yenye mpini mrefu, ina kazi yake. Ni ya kugongea kabari kwenye gogo zima. Kwa vijiti haifai, maana inataka mikono miwili na nafasi ya kuizungusha, na mtu akitumia mikono miwili mara nyingi kuna mwingine aliyeinama kumshikia kuni. Tafadhali, usimruhusu mtoto akushikie kuni. Kama unatumia kabari, chagua nyundo ambayo uso wake unazidi kichwa cha kabari kwa upana wa sentimita moja hivi. Na kabari ikianza kuchanua juu, ipeleke ikasagwe. Zile kingo zilizojikunja ndizo zinazokatika na kuruka.

Wengi wetu tunapasua kwa panga. Panga inafanya kazi vizuri kwa vijiti, mradi usigonge mgongo wake kwa chuma. Tumia nyundo ya mbao, au hata pande la kuni gumu. Weka makali juu ya kipande, kwenye ufa kama upo, gonga mara moja taratibu panga ishike, kisha inua vyote pamoja ugonge tena juu ya gogo. Mkono wa pili unakuwa umeshaachia kuni kabla ya pigo kubwa. Nyundo ya mbao itachakaa, ndiyo, lakini panga itabaki nzima.

Njia tunayoipenda kuliko zote inageuza kazi yenyewe juu chini. Mwaka 2013, msichana wa miaka 13 huko Nyuzilandi, Ayla Hutchinson, alibuni kifaa kwa ajili ya mradi wa sayansi wa shule baada ya mama yake kujikata kidole akichanja kuni. Ni wembe mnene uliosimama ukitazama juu, umezungukwa na pete ya chuma. Kuni inawekwa juu ya makali, nawe unagonga kuni kwa nyundo. Makali hayasogei kabisa. Leo kinauzwa kwa jina la Kindling Cracker. Hapa ile nyundo fupi ya waashi ndiyo mahali pake hasa, kwa sababu uso mpana unapiga mbao na haugusi chuma. Kuni ikishuka karibu na makali, usiifuate na nyundo. Weka kipande kingine juu yake, kigonge hicho, na cha chini kitamalizika.

Huna haja ya kuagiza ng'ambo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kukuundia kitu cha aina hiyo, na kipande cha springi ya lori kikinolewa kinatoa makali mazuri. Mwambie fundi mambo mawili: makali yakae chini kuliko pete ya juu, ili mkono ukiteleza uangukie pete, na kitako kiwe na matundu ya kufungia boliti kwenye gogo. Kitako chepesi kisichofungwa kinaruka kila unapopiga.

Aina ya kuni nayo ina neno. Saipresi kavu ndiyo rahisi zaidi, na mabaki ya mbao kutoka soko la Gikomba yanafaa kuwashia moto, ila chagua yasiyo na rangi wala dawa ya mbao. Muwati nao unapasuka vizuri. Mkaratusi uliokauka mara nyingi nyuzi zake zimejisokota, unaweza kuupiga kwa nyundo yoyote ile na usipate kijiti kilichonyooka. Uache uwe kuni ya kuchochea. Penye kifundo, anzia upande mwingine.

Mpini uliolegea watu huulowesha majini usiku kucha. Asubuhi unabana, kweli, lakini nyuzi za mbao zilizovimba ndani ya tundu zinajiponda, na zikikauka mpini unalegea kuliko mwanzo. Dawa ni kabari mpya au mpini mpya. Kabla ya kuanza kazi, tikisa kichwa cha nyundo. Kikicheza hata kidogo, usipige. Na vaa miwani ya kukinga macho, hata kama unapasua vijiti vitatu tu vya kuchemshia chai.

Hapa dukani tunabadilisha mipini, tunasaga kabari zilizochanua na kunoa vishoka. Tuna gogo nje ya mlango. Njoo na kipande cha kuni unazotumia nyumbani, ujaribu ya ratili 3 na ya ratili 4 kabla ya kulipa.