Barua ya wazi kwa vijana wanaohesabu samaki wa matumbawe

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kupiga mbizi na kuhesabu samaki katika miamba ya matumbawe. Mmeingia katika kazi hii kipindi kigumu: mwaka 2024 ilitangazwa kwamba matumbawe yanapauka duniani kote kwa mara ya nne, baada ya 1998, 2010 na kile kipindi kirefu cha 2014 hadi 2017. Lipo kosa moja linalomvizia kila anayehesabu kwa haraka katika nyakati kama hizi, nalo ni kuona samaki wangali wapo baada ya matumbawe kupauka, kisha kuandika kwamba hawakudhurika.

Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, na hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake na kulipatia sehemu kubwa ya chakula; huko ndiko kupauka. Likifa, mifupa yake ya chokaa hubaki imesimama kwa miaka, kama nyumba ambayo wenyewe wameshakufa lakini kuta hazijaanguka, na samaki wengi huendelea kujificha humo. Wanaotoweka mapema ni wale ambao tumbawe hai ndilo chakula chao au maskani yao: vitatange wanaodonoa matumbawe na kutokula kingine, pamoja na samaki wadogo wanaoishi katikati ya matawi. Wengine hupungua baadaye, mawimbi na viumbe wanaotoboa mawe wanapokuwa wameigeuza mifupa ile kifusi.

Shelisheli ilitufundisha jambo hili kwa gharama kubwa. Joto la 1998 liliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai katika visiwa vyake vya ndani, na bado miaka mingi baadaye watafiti walikuta samaki wakubwa wa kutosha kumfanya mtu atulie moyo. Walipolinganisha ukubwa wa miili ndipo walipoona kwamba waliopungua ni wadogo. Wale wakubwa walikuwa wamekulia katika mwamba ulio hai, na wa kuwarithi hawakutosha. Kati ya miamba 21 iliyofuatiliwa huko, 12 ilirejea kuwa ya matumbawe, na 9 ikafunikwa na mwani. Nawasihi msiyafiche hata yale yasiyoendana na huzuni yetu: uvuvi wa huko haukuporomoka, kwa kuwa tasi, ambao hula mwani, waliongezeka na kuingia mitegoni kwa wingi. Hiyo ni habari njema kwa mvuvi na ni haki yake kuisikia, ingawa tasi peke yao hawawezi kushika nafasi ya jamii nzima ya samaki waliokuwepo.

Msisahau kwamba joto humwathiri samaki mwenyewe hata pale ambapo tumbawe halijafa. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo ilhali mwili wa samaki ndani yake hudai oksijeni zaidi, na spishi za karibu na ikweta tayari zinaishi karibu na kikomo cha joto zinaloweza kulihimili. Katika majaribio ya Australia, nyongeza ya nyuzi 1.5 hadi 3 ilipunguza uzazi wa spishi moja ya samaki wadogo wa matumbawe, hasa chakula kilipokuwa haba. Majaribio mengine ya spishi hiyohiyo yalionyesha kwamba watoto ambao wazazi wao nao walikulia katika joto waliweza kutumia oksijeni vizuri tena. Mimi nalipokea hilo kwa tumaini la kiasi, kwa sababu pumzi nzuri haimpi samaki mahali pa kuishi.

Kuhusu asidi inayoongezeka baharini kwa kuwa maji hufyonza hewa ukaa, kuweni waangalifu zaidi. Tafiti zilizovuma kuanzia 2009 zilisema kwamba inavuruga uwezo wa samaki wachanga wa kunusa na kumkwepa adui. Mwaka 2020 watafiti wengine walitoa matokeo ya majaribio yao kwa samaki zaidi ya 900 wa spishi 6, na madhara hayo hawakuyaona. Semeni yote mawili. Kwamba asidi hulizuia tumbawe kujenga mifupa yake ni jambo lenye ushahidi imara, na linatosha kututia hofu bila kuongezewa chumvi.

Basi rudini mahali palepale mwaka baada ya mwaka, pimeni urefu wa kila samaki mnayemhesabu, na wachanga waandikeni kwa safu yao. Teteeni hifadhi, maana samaki walao mwani kama pono na kangaja, wakiachwa bila kuvuliwa, huupunguza mwani huo na kuyapa matumbawe machanga nafasi, lakini msimwahidi mtu yeyote kwamba mpaka wa hifadhi utazuia joto. Mkiitwa mbele ya wenye mamlaka, wakumbusheni tathmini ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2018: joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi 1.5 kuliko lilivyokuwa kabla ya zama za viwanda, matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na ongezeko likifika nyuzi 2 yatapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Kisha wawekeeni mezani hesabu yenu ya samaki wachanga, na waulizeni watapunguza kiasi gani cha hewa ukaa, na kufikia mwaka gani.

Mzee wenu katika kazi hii