Lile ni pindu, na Amri Abedi asisahauliwe

Mhariri,

Wasomaji wenu wawili wamekuwa wakivutana katika ukurasa wa ushairi. Mmoja anasema ile mbinu ya kuufungua ubeti kwa maneno yaliyofunga ubeti uliotangulia ni takriri tu. Mwenzake anaiita kibwagizo. Wote wamekosea. Na kwa kuwa walitoka hapo wakaingia kwenye ubishi wa nani mshairi aliyeacha athari kubwa kuliko wote, naomba nafasi niyaseme yote mawili.

Ile ni pindu, na wapo wanaoiita mkufu au nyoka. Tuseme ubeti wa kwanza umefungwa hivi:

Upepo ukija pwani, nahodha hutweka tanga.

Ubeti wa pili hauna hiari, utaanza:

Nahodha hutweka tanga, wenziwe washika kamba.

(Mistari ni yangu, ya kuungaunga, msiitafute katika diwani yoyote.) Kibwagizo hukaa palepale mwishoni mwa kila ubeti, hakihami. Takriri ni jina pana mno, kila linalorudiwa kwa mkazo huingia humo. Neno lilelile likifungua kila ubeti, hicho ni kikwamba. Pindu inambana mtunzi zaidi ya hapo. Tazama hiyo “-nga”: ilikuwa kina cha nje, cha mwisho wa mstari, sasa imehamia ndani, katikati ya mstari, na ubeti mzima unaofuata lazima uitii. Yaani alipokuwa akimaliza wazo moja, tayari alishajichagulia kina cha wazo ambalo bado hajalipata. Kuliita hilo takriri na kuishia hapo ni kumdhulumu mtunzi jasho lake.

Sasa ule ubishi wa pili. Mmoja kamtetea Shaaban Robert, mwingine Muyaka bin Haji. Sina neno na ukubwa wao. Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, aliingiza siasa za Mombasa na Zanzibar, kejeli na mapenzi ndani ya mistari minne kwa namna ambayo mpaka leo inachoma. Lakini mashairi yake yalibaki midomoni mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumpa mmisionari William Taylor, na diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Sikujua hakutajwa na yeyote. Wala Mwana Kupona, ambaye utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858 ungali unasomwa. Huyo anastahili barua yake peke yake.

Mimi namtaja Kaluta Amri Abedi. Wengi wanamjua kwa uwanja wa mpira wa Arusha, basi, au kwa kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Kama mtunzi simweki juu ya Shaaban wala Muyaka. Ila mwaka 1954 alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi, na tangu hapo mwanafunzi akipewa shairi darasani, kabla hajauliza linasema nini, anahesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, na kuandama vina. Hakuzibuni sheria hizo. Malenga wa pwani walizifuata kwa masikio vizazi na vizazi. Yeye alizitia kwenye karatasi, na kilichoandikwa kikageuka kipimo cha kuamua lipi shairi na lipi si shairi.

Mtasema kipimo hicho kilibana ushairi. Nakubali, tena naona kilibana sana: mitindo ya kale ni mingi kuliko ile inayofundishwa, na mashairi mangapi makavu yamesifiwa kwa sababu tu vina vimetimia! Lakini tunabishania athari, si uzuri. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 bila vina wala mizani ya kimapokeo, alilazimika kujitetea dhidi ya kanuni hizo. Mpaka leo shairi huru hufafanuliwa kwa kile lilichokosa.

Atakayenipinga na anitajie mshairi mwingine ambaye hata waliomwasi walihesabiwa kwa kipimo chake.

Mpenzi wa ushairi