Ulikata mathenge, mbona umerudi?

Sisi huondoa mathenge, ule mti wa miiba (Prosopis juliflora) unaovamia mashamba, na wateja wengi wa huku Marigat, Baringo, hutupigia simu wakiwa wameshatumia pesa. Walilipa vijana, shamba likafyekwa likabaki jeupe, mvua ikanyesha, na sasa palipokuwa na shina moja pana matano. Vijana hao hawakuwa wavivu. Mathenge una macho ya kuchipua pale shina linapokutana na mizizi, chini kidogo ya udongo, na panga halifiki huko.

Kabla ya kutuita, hakikisha kwanza ni mathenge. Kuna wanaotuonyesha mgunga, nasi mgunga hatuugusi, ni kivuli na ni chakula cha mifugo. Mgunga wetu wa hapa una maua meupe ya mviringo na maganda yaliyojikunja. Maua ya mathenge ni ya manjano, marefu na membamba, na maganda yake ni marefu, karibu yanyooke, yakiiva huwa ya njano na matamu. Tawi lake huenda likipindapinda, miiba ikitoka kwenye vifundo, mara nyingi miwili miwili. Ukiukanyaga kwa pikipiki, pancha. Kiangazi kikishakausha kila kitu, mathenge bado ni kijani.

Utamu huo ndio chanzo cha balaa. Sukari ya maganda hunata kwenye meno ya mbuzi hadi yanaoza. Mwaka 2006 wakaazi wa Baringo walipoishtaki serikali kwa sababu ya mti huu, walifika mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo. Mti wenyewe uliletwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni na udongo ushikwe, na mwaka 2008 ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari. Lakini kwa mwenye shamba, la kuogopa zaidi ni mbegu. Hupita tumboni mwa mbuzi zikiwa nzima na kuota kwenye kinyesi. Ukitoa samadi zizini ukaimwaga shambani, umepanda mathenge kwa mkono wako. Ukitaka kulisha maganda, yasage kwanza mpaka mbegu zivunjike.

Kazi yetu huanza na kuchimba. Tunakata matawi kwa msumeno wa injini, kisha kwa sururu na shoka tunazunguka kisiki na kukata mizizi chini ya yale macho, sentimita 10 kwenda chini, na kwa mti mkubwa hadi 30. Ni kazi ngumu, ndiyo maana bei yetu hushinda ya mwenye panga. Mahali pasipochimbika, kama kwenye mawe, tunapaka dawa ya magugu yenye triklopiri iliyochanganywa na dizeli kuzunguka sehemu ya chini ya shina. Tunatumia tu iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya serikali ya kudhibiti dawa za wadudu na magugu, na hatuipaki kando ya maji. Miche midogo tunaing'oa kwa mkono wakati wa mvua, udongo ukiwa laini, mzizi utoke wote.

Miti iliyokatwa ni yako. Makaa yake ni mazuri, yanakaa moto, ila usiyasafirishe bila kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya.

Mbegu zilizobaki ardhini huweza kukaa miaka kabla ya kuota, kwa hiyo atakayekuahidi kwamba atamaliza kwa ziara moja, muulize atarudi lini. Sisi hurudi baada ya mvua kung'oa miche mipya, na gharama hiyo tunaiweka kwenye bei tangu mwanzo. Pia tunashauri nyasi zipandwe mara tu ardhi inapokuwa wazi. Shamba likiachwa tupu, mathenge ndio wa kwanza kulijaza.

Ukitutumia ujumbe, weka picha ya jani, ua au ganda na ya shina, na utuambie kama ng'ombe na mbuzi wa majirani hupita hapo. Wakipita, tutazungumza habari ya uzio kabla ya habari ya msumeno.