Barua ya malalamiko: programu yenu inapoteza marejeo ya entiti katika hati zetu za XML

Ngamiani,
Tanga.

Meneja wa Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROGRAMU YA KUHARIRI HATI KUPOTEZA MAREJEO YA ENTITI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni ofisi ya watu watatu, na kazi yetu ni kunakili barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo familia za Tanga, Pangani na Mkinga hutuletea zikiwa zimefungwa vitambaani au zimekunjwa ndani ya vitabu. Tunazihifadhi katika faili za XML, lugha ya kuweka alama ndani ya maandishi ili kompyuta itambue sehemu zake. Tulinunua leseni mbili za programu yenu kwa kuwa maelezo yake yalituahidi kwamba hati itahifadhiwa kama ilivyofunguliwa. Sivyo ilivyo, na kwa kuwa nimekwisha kupiga simu mara mbili bila tatizo lenyewe kueleweka, ninalieleza hapa kwa maandishi.

Majina ya waandishi wa barua hizi hatuyaandiki moja kwa moja ndani ya nakala. Kila jina, pamoja na maelezo yake mafupi, limewekwa katika faili yake ndogo. Barua inalitamka juu kabisa kama entiti ya nje, yaani kipande cha maandishi chenye jina kinachokaa katika faili nyingine, na mahali jina linapohitajika tunaweka rejeo tu, yaani alama fupi inayokiita kipande hicho. Tulifika huko baada ya kuumia. Katibu mmoja wa Pangani, ambaye mkono wake unaonekana katika barua 62 tulizonazo, tulilisoma jina lake vibaya kwa miezi kadhaa, kwa sababu nukta za herufi moja zilikuwa zimefifia, mpaka mjukuu wake alipokuja akatusahihisha. Tulibadilisha neno moja katika faili moja, na barua zote 62 zikasahihika siku hiyo hiyo.

Mwezi uliopita nilifungua mojawapo ya barua hizo katika toleo lenu jipya ili nirekebishe kosa la tahajia katika aya ya pili. Mstari wa mwisho wa barua hiyo ulikuwa hivi: «Imeandikwa kwa mkono wa &katibu-pangani;, siku ya Ijumaa.» Nilirekebisha tahajia, nikahifadhi, nikachapa. Karatasi ilipotoka ilisomeka: «Imeandikwa kwa mkono wa , siku ya Ijumaa.» Palikuwa na nafasi tupu, kisha mkato. Programu haikutoa onyo lolote, wala faili haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba kitu kimeondolewa. Mjukuu wa katibu huyo alikuwa ameketi mbele ya meza yangu akisubiri nakala ya kumpelekea mama yake, naye ndiye aliyeliona pengo hilo kabla yangu. Aliniuliza jina la babu yake liko wapi, nami sikuwa na la kumjibu.

Kompyuta ya mwenzangu bado ina toleo lenu la awali, nalo lina kosa la upande wa pili: linasoma faili ya jina, linayamwaga maandishi yake ndani ya barua, kisha linahifadhi barua isiyo na rejeo tena. Jina linaonekana, lakini limegandishwa, na siku tutakaposahihisha faili ya jina, barua hiyo itabaki na kosa lake bila sisi kujua.

Makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Hati inapofunguliwa, kichanganuzi, yaani sehemu ya programu inayoisoma hati, huigeuza kuwa mti wa vipande viitwavyo nodi. Mstari ule, ukijengwa inavyopaswa, unaipa elementi ya aya watoto watatu: nodi ya maandishi inayoishia na «mkono wa», nodi ya rejeo la entiti inayobeba jina katibu-pangani, na nodi nyingine ya maandishi inayoanza na mkato. Maandishi ya entiti yakisomwa hukaa chini ya nodi ile ya katikati, na hapo hayahaririwi, kwa kuwa mahali pake pa kusahihishwa ni kwenye faili yake. Hivyo ndivyo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ilivyoueleza mti huo katika kiwango chake kiitwacho DOM, toleo la kwanza la Oktoba 1998, ambamo nodi ya aina hiyo ilipewa namba 5. Katika mti wa programu yenu nodi hiyo haipo kabisa, na mti ukishasahau kwamba palikuwa na rejeo, hakuna njia ya kulirudisha wakati wa kuhifadhi. Silalamikii marejeo kama &amp; na &lt;, ambayo ni miongoni mwa entiti tano zinazotambuliwa na lugha yenyewe bila kutamkwa; hayo mnayarudisha sawasawa.

Fundi wenu alinijibu kwamba kiwango cha DOM kiliruhusu tangu mwanzo kichanganuzi kupanua marejeo yote wakati wa kujenga mti, na kwamba kiwango cha sasa kimeiondoa nodi hiyo. Yote mawili ni kweli. Lakini ruhusa hiyo inamfaa anayesoma hati ili aionyeshe, kama kivinjari kinavyofanya. Ninyi mmetuuzia chombo cha kuhariri, kinachoandika juu ya faili yetu ya asili. Isitoshe, kiwango cha XML 1.0 cha Februari 1998 kinasema katika kifungu cha 4.4.3 kwamba kichanganuzi kisichothibitisha hati (kisichokagua kama inafuata kanuni ilizojitangazia) kinaweza kuacha kuingiza maandishi ya entiti ya nje, ila kikiacha ni lazima kiiarifu programu kwamba kimeitambua entiti hiyo na hakikuisoma. Basi ama kichanganuzi chenu hakitoi taarifa hiyo, ama programu yenu inaipokea na kuitupa.

Aliongeza kwamba usomaji wa faili za nje umezimwa kwa ajili ya usalama, kwa kuwa mtu mwenye nia mbaya anaweza kutumia entiti ya nje kuchota siri zilizomo ndani ya kompyuta. Ninakubaliana naye kabisa, na siombi mlango huo ufunguliwe. Rejeo lililoachwa kwenye mti bila kupanuliwa halisomi faili yoyote. Usalama mnaoutaka na uaminifu ninaoudai vinatimizwa na nodi hiyo hiyo mliyoiondoa.

Kwa hiyo ninaomba mti wa programu yenu uhifadhi kila rejeo la entiti tulilolitamka na kuliandika tena kama lilivyokuwa, na upanuzi ufanyike pale tu mtumiaji anapouchagua. Mpaka marekebisho hayo yatakapotoka, programu ikatae kuhifadhi hati ambayo rejeo lake limepotea, na imwambie mtumiaji ni rejeo lipi na liko mstari gani. Ninaomba pia mtuandikie ni matoleo yapi yenye kosa hili, ili tujue ni barua zipi za kukagua upya. Tumekwisha kukagua 40, na 9 kati yake zina pengo mahali pa jina. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 30, nitaomba turudishiwe fedha za leseni zote mbili.

Nimeambatisha barua hiyo katika hali mbili, kabla ya kufunguliwa na programu yenu na baada ya kuhifadhiwa nayo, pamoja na faili ya jina la katibu, kwa idhini ya familia yake.

Wenu katika kazi,

Mhariri wa nakala,
Ngamiani, Tanga.