Dogo wa dola 3 na kombe la mwaka huu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya yule msomaji wa wiki iliyopita aliyetushauri sisi tunaocheza fantasi ya besiboli huku Marekani kwamba kwenye ligi ya kipa usiuze dogo hata iweje, subira yavuta heri na kadhalika, tena akataka tredi (kubadilishana wachezaji) za kutoa dogo kuchukua staa mzee zipigwe marufuku. Nimeona nijibu maana hiyo barua imeshazungushwa kwenye grupu letu la WhatsApp na najua kabisa walioizungusha walikuwa wananisema mimi.

Kwa wasiojua, kipa hapa sio golikipa. Ile fantasi ya EPL mnayocheza huko nyumbani kila Agosti wote mnaanza upya na paundi milioni 100, ya mwaka jana yameisha. Kwenye ligi ya kipa msimu ukiisha unabaki na baadhi ya wachezaji wako, sisi ni watano, kwa bei uliyowanunulia kwenye mnada na kila mwaka bei inapanda dola 5. Kwa hiyo dogo uliyemuokota kwa dola 3 akija kuwaka ni mali, ndio maana ikifika Julai walioko mkiani wanauza mastaa wanachukua madogo na sisi tulioko juu tunafanya kinyume chake.

Dhambi yangu ni ya Julai 2022. Nilimtoa Gunnar Henderson, wakati huo bado yuko ligi ya chini ya Baltimore, nikamchukua Justin Verlander, mrushaji wa Houston mwenye miaka 39. Nilichekwa mpaka basi. Henderson 2023 akawa chipukizi bora wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, 2024 akapiga homurani (pigo la kuzunguka vituo vyote) 37, na kila akipiga moja kuna mtu ananitumia video. Sawa. Lakini Verlander mwaka ule alishinda mechi 18 akapoteza 4 (mrushaji ndiye anaandikiwa ushindi na kipigo), ERA, yaani wastani wa alama anazoruhusu, ikawa 1.75, na ikiwa ndogo ndio nzuri, na pamoja na kuumia msuli wa mguu akakosa karibu wiki tatu, kombe nilichukua mimi. Jamaa aliyemchukua Henderson mpaka leo hajachukua kitu, kila mwaka anajenga tu, nyumba haiezekwi.

Mimi naishi Detroit, na hii mada watu wa huku wanaijua kwa machungu. Kuna mzee tunafanya naye kazi ukimtajia tu jina la John Smoltz anaweka chini alichoshika. Agosti 1987 Tigers, timu ya hapa Detroit, walimpeleka Smoltz Atlanta, mrushaji kijana wa miaka 20, mtoto wa hapa hapa Michigan, wakamchukua mrushaji Doyle Alexander wa miaka 36. Alexander akashinda mechi 9 hakupoteza hata moja, Tigers wakaipita Toronto wikiendi ya mwisho kabisa, halafu kwenye mtoano Minnesota wakawatoa 4-1 na Alexander akapigwa zote mbili alizoanza. Miaka miwili baadaye akastaafu. Smoltz akaenda kubeba kombe na Atlanta 1995, leo yuko Jumba la Umaarufu. Hii stori ndio kila mtu anaitoa akitaka kukuzuia usiuze dogo, ila wanasahau kwamba siku ile ya tredi Smoltz alikuwa anachapwa huko ligi ya chini, kashinda 4 kapoteza 10, hakuna aliyekuwa anamuona Smoltz wa baadaye.

Na hawaitaji ya pili. Agosti 31, 2017, Detroit hao hao wakamuuza Verlander kwenda Houston wakapewa madogo watatu. Verlander akashinda mechi 5 kwa 5 mpaka msimu unaisha, Houston wakabeba kombe mwaka ule ule. Na madogo? Mwenye jina kubwa kati yao, Franklin Perez, aliandamwa na majeraha hajawahi kurusha hata mpira mmoja ligi kuu. Jake Rogers ni mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) mzuri tu, basi. Sasa hapo subira ilivuta nini? Wahenga hao hao walisema pia moja shika si kumi nenda uje, ila hiyo haikuandikwa kwenye ile barua.

Sisemi uza tu. Ukiwa wa sita na umeachwa pointi 20 halafu unatoa dogo wa dola 3 kumfuata mzee wa kukusaidia miezi miwili tu, hapo unakula mbegu na bado utalala njaa. Mimi kwanza naangalia msimamo wa kila kipengele kinachotupa pointi, kila timu unayoipita ni pointi moja, maana staa sio staa kila mahali: kama kwenye straikauti (kumtoa mpigaji kwa straiki tatu) kuna timu nne mbele yangu zimebanana ndani ya 30, mrushaji mmoja mkali ananipa pointi nne, lakini kama wa mbele kaniacha 150 hata uniletee nani hanisaidii. Halafu napiga bei. Dogo wa dola 3 mwakani ni 8, halafu 13, halafu 18, ile faida inaliwa kidogo kidogo wakati wewe unasubiri akomae. Na akiwa mrushaji ndio kabisa, mkono ni mkono. Spencer Strider 2023 alipata straikauti 281, watu wakawa wanamlinda kama yai, 2024 akaanza mechi mbili tu wakampasua kiwiko.

Kuhusu lile pendekezo lake la kupiga marufuku tredi za namna hii, hapana. Wekeni tarehe ya mwisho, sisi yetu ni Julai 31, basi inatosha.

Mwaka huu niko wa 3. Jana usiku yule yule wa Henderson kanitumia meseji, anamtaka dogo wangu mwingine, ananipa mrushaji wa miaka 35. Nimemwambia anipe mpaka Ijumaa, nahesabu straikauti.

Mpenzi wa besiboli,
Detroit, Michigan