Wanangu mnaotaka kuhama mitandao, ondokeni na watu wenu

Wanangu, habari za siku nyingi. Nimewasikia mnavyobishana kuhusu kufunga akaunti zenu za Instagram na Facebook kwa sababu Meta, kampuni yenye mitandao hiyo, inaumiza watu na kuchukua kazi zetu wachoraji, wengine mmeshaamua mnasubiri siku tu, wengine mnaogopa njaa, na wote nawaelewa. Mimi nimechora kwenye magazeti na majarida tangu wengi wenu hamjazaliwa, na sahivi nachora na kuuza mwenyewe, sina bosi, kwa hiyo jambo hili linanigusa kama linavyowagusa nyie. Niseme mapema ninapoegemea. Kuondoka ni haki yenu, tena mtu akishaona kazi yake inampa nguvu anayeumiza wengine, hata mimi simwambii abaki. Ila ondokeni na watu wenu. Ukitoka peke yako ukawaacha wateja na wapenzi wa kazi zako mle ndani, hao wakubwa hawajapungukiwa na kitu, aliyepungukiwa ni wewe na watoto wako.

Halafu mjue vizuri mnakataa nini, maana nasikia mambo mengi yamekorogwa kwenye sufuria moja. Kuna suala la vijana wa Nairobi, wale waliokuwa wanakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima wanaangalia vidio za watu kuchinjwa, za ubakaji, za watoto kuteswa, ili wewe na mimi tukifungua Facebook tusikutane nazo. Ajira yao ilikuwa kwa kampuni ya kati iliyokodiwa na Meta, inaitwa Sama, na jarida la Time lilipoandika habari zao Februari 2022 dunia ikajua kuna waliokuwa wanalipwa kama dola moja na nusu kwa saa. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, akaenda mahakamani Nairobi mwaka huohuo, mwaka uliofuata wakaenda wenzao zaidi ya 180, na Desemba 2024 ikajulikana kwamba daktari aliyewapima amekuta zaidi ya 140 kati yao wana ugonjwa wa kiwewe. Meta ikajitetea kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya, Mahakama ya Rufani ikaikatalia Septemba 2024. Na kuna kijana wa Ethiopia, Abrham Meareg, baba yake alikuwa profesa, akaandikwa vibaya kwenye Facebook na anapoishi pakatajwa, Novemba 2021 akauawa, na mtoto naye kesi yake ameipeleka hapohapo Nairobi.

Mimi mambo haya yananiuma sana, sitaki kuficha. Lakini tazameni wenyewe waliodhulumiwa wanadai nini. Wanadai malipo, wanadai matibabu, na Mei 2023 walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Sijaona popote wanapotuomba tuzime akaunti. Kwa hiyo ukiniambia "mzee nahama kwa ajili ya wale vijana" nitakuuliza kesi yao imefika wapi, na umeshawachora hata mara moja? Mchoraji anayechora katuni ya kesi hiyo na kuiposti hukohuko Facebook siku inaposikilizwa amewafaa kuliko anayeondoka kimyakimya halafu anajisikia msafi. Fanya hilo kwanza, kisha ondoka ukitaka.

Suala la kazi zetu kulishwa akili mnemba ni tofauti, hapo tuliochukuliwa ni sisi wenyewe. Mwaka 2024 Meta walipotangaza kwamba posti za hadharani zitatumika kufundishia mashine zao, fomu ya kukataa walipewa watu wa Ulaya kwa sababu sheria ya kwao inaibana kampuni, sisi wa huku hatukuulizwa. Mchoro uliokesha nao siku tatu unamezwa, kesho mtu anaagiza "nichoree kwa staili ya fulani" na anapata bure. Hapa naona sababu ya kutoka iko wazi kabisa. Ila hata ukitoka leo kilichomezwa hakitapikwi, unachookoa ni kazi zijazo, na ndio maana nasema hamna haja ya kukurupuka usiku mmoja kwa hasira.

Na huko mnakokimbilia mkuangalie. Wachoraji wengi wa nje walihamia Cara, mtandao ulioanzishwa na mpiga picha Jingna Zhang, na ndani ya wiki moja hivi watumiaji wakatoka kama 40,000 wakafika 650,000. Mnajua kilichofuata? Bili ya seva ya karibu dola 96,000 ikamwangukia yule dada na timu yake ndogo ya kujitolea. Siwaambii msiende, mimi napenda walichofanya, nasema ukienda kwenye nyumba ya watu wema changia, usiende kula tu.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Fungua mipangilio ya Instagram, omba kupakua taarifa zako, faili la zip likiwa tayari watakujulisha kwa imeili, ulipakue. Lifungue. Utakuta picha zako, meseji zako, na orodha ya wafuasi wako. Hebu iangalie vizuri hiyo orodha, ni majina ya akaunti na tarehe waliyokufuata, basi. Hamna namba ya simu, hamna imeili, yani watu elfu kumi uliowahangaikia miaka yote hiyo huwezi kumpigia hata mmoja siku umetoka. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kwa ajili yenu, kuliko hata hela. Mimi niliwahi kuchorea jarida fulani, likafa, michoro yangu ya asili ikabaki kwenye kabati la ofisi, mwenye jengo alipokuja kufungua akatupa kila kitu na hakuna aliyenijulisha, na haikuwa kwa chuki, ni kwamba jina langu halikuwa kwenye karatasi yoyote aliyokuwa nayo.

Mlinganishe na mwandishi mmoja wa Marekani, Casey Newton. Alikuwa na jarida lake la imeili kwenye mtandao unaoitwa Substack, ikaibuka kwamba kuna watu wanaandika mambo ya Kinazi mle na wanalipwa, wenye mtandao wakagoma kuwaondoa wote, basi Januari 2024 akahamia Ghost, huduma nyingine ya namna hiyo. Aliweza kwa sababu Substack inakuruhusu kuchukua orodha ya imeili za wasomaji wako, akaondoka na watu wake na kazi ikaendelea. Nyie anzeni leo, kila anayenunua mchoro au anayesikiliza hadithi zako muombe namba au imeili kwa ridhaa yake, iandike kwenye daftari na kwenye kompyuta pia. Wengi wanalipa kwa M-Pesa au Airtel Money, kwa hiyo ulizo hilo ni dogo tu, "nikitoa kitu kipya nikutumie meseji?" Orodha ikifika watu mia mbili wanaonunua kweli, hapo una uhuru wa kumwambia yeyote kwaheri. Na msiihamishie yote kwenye chaneli ya WhatsApp mkadhani mmetoka, WhatsApp ni ya Meta hiyohiyo. Walio Tanzania mnakumbuka Mei 2025 X ilivyofungwa, waliokuwa na biashara yote pale hawakupewa hata nafasi ya kufikiria maadili. Na kwa anayetaka tovuti yake, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza 2018 zimeshabadilishwa mara kadhaa, soma zinazotumika sasa ujue kama unahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kabla hujalipia jina la tovuti.

Kuna jambo moja nawaomba sana. Msiwatukane watakaobaki. Mwanamuziki Neil Young alitoa nyimbo zake Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, Januari 2022 kupinga kipindi fulani cha mle, mwenyewe akasema ndiko zilikokuwa zinatoka asilimia 60 za usikilizwaji wake mtandaoni, na Machi 2024 akarudi kwa sababu kipindi alichokuwa anakipinga kilishasambaa hadi Apple na Amazon, na hawezi kutoa nyimbo zake kote huko. Mtu mwenye miaka yote ile ya jina na pesa. Sasa dada anayeshona na kuposti magauni yake Instagram ili alipe kodi ya chumba Mbagala, wewe unapata wapi mdomo wa kumuita msaliti? Anayebaki anajua hesabu zake, na huenda mwakani akaja kukuuliza njia, mpokee.

Siku ya kutoka ikifika msifute akaunti siku hiyohiyo, jina likiwa wazi tapeli anaweza kulichukua akawaomba hela wateja wako. Toa kazi zako, acha posti moja juu inayosema umetoka kwa sababu gani, kwa sentensi mbili bila matusi, na unapatikana wapi, iache hivyo miezi mingi. Mwenye faili lake la zip na linamshinda kulifungua alete laptopu, mimi nipo kila jioni baada ya Alasiri, tutalipitia pamoja.