Asante, kaka mpagazi wa Marangu

Wasichana wa kidato cha sita tuliwekeana nadhiri: kabla ya mtihani wa Mei, kila mmoja ajaribu jambo asilowahi kulifanya. Mimi nikachagua Kilimanjaro, walau hadi Mandara, kituo cha kwanza cha wapandaji kulala, mita 2,720. Tukiwa katikati ya msitu soli ya raba yangu ikabanduka, na mvua nayo hiyo.

Kaka mmoja mpagazi, aliyekuwa akishuka na mzigo kichwani, akautua. Akatoa kamba ya manila, akaifunga soli kwa kuizungushia, fundo akaliweka ubavuni lisinikwaze. Akanikabidhi fimbo yake. "Pole pole, dada." Pesa akakataa, akajitwika, akaenda zake.

Mandara nilifika! Mnaopanda, chukueni kamba ya akiba, mtamfaa mwenzenu. Kaka, fimbo yako ninayo, nitaileta getini.